Jinsi ya Kutambua Kama Vipimo Vitatu Vinaweza Kuunda Pembetatu

Si kila namba tatu zinazotajwa pamoja zinaweza kuwa pande za pembetatu. Mtu anaweza kuandika sentimita 3, sentimita 4 na sentimita 8, akachora umbo la kukisia bila rula, akaziweka namba hizo pembeni mwa mistari, na mchoro ukaonekana hauna kasoro yoyote. Akichukua rula na bikari ili achore kwa vipimo vyenyewe, mistari miwili mifupi haitakutana hata aizungushe vipi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulitambua jambo hilo mapema, kabla ya kuchora, kabla ya kukata mbao na kabla ya kuingia katika hesabu ndefu ya eneo, kwa kujumlisha mara moja na kulinganisha mara moja tu.

Kanuni na namna ya kuitumia

Pembetatu huundika pale tu ambapo jumla ya pande zozote mbili ni kubwa kuliko upande wa tatu. Vitabu vya shule kwa kawaida huiandika kanuni hii kama masharti matatu: pande zikiwa a, b na c, basi a + b lazima izidi c, a + c izidi b, na b + c izidi a. Masharti yote matatu ni ya lazima, lakini kuyapima yote kila mara ni kujitwisha kazi ya bure. Ukishaujua upande mrefu kuliko yote, masharti mawili kati ya hayo hujitimiza yenyewe, kwa kuwa upande huo peke yake tayari unalingana na kila upande mwingine au unauzidi, na ukiongezewa chochote kilicho zaidi ya sifuri hauwezi kushindwa. Swali linalobaki ni moja: je, pande mbili fupi zikijumlishwa zinauzidi upande mrefu?

Kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba vipimo vyote vitatu viko katika kizio kimoja, kisha vipange kuanzia kidogo hadi kikubwa, jumlisha viwili vya mwanzo, na ulinganishe jumla hiyo na cha mwisho. Jumla ikiwa kubwa zaidi, pembetatu ipo. Ikiwa ndogo au ikiwa sawa, pembetatu haipo.

Chukua 9, 5 na 6. Zikipangwa huwa 5, 6, 9. Na kwa kuwa 5 + 6 ni 11, ambayo ni zaidi ya 9, pembetatu inafungika. Chukua 8, 3 na 4: 3 + 4 ni 7, nayo ni pungufu ya 8, kwa hiyo haifungiki. Mfano huu wa pili unaonyesha pia kwa nini kupanga si hatua ya mapambo. Mwanafunzi anayejumlisha namba mbili za kwanza kama alivyopewa atapata 8 + 3 = 11, ataona kwamba 11 inaizidi 4, na ataandika kwamba pembetatu ipo. Hesabu yake ya kujumlisha haina kosa. Kosa ni kwamba ameuliza swali lisilohusika.

Hali ya usawa inahitaji kuangaliwa kwa makini, maana hapo ndipo alama nyingi hupotea katika mitihani. Vipimo 4, 6 na 10 vinatoa 4 + 6 = 10 kamili. Ukiuweka mstari wa sentimita 10 mezani, kisha ukashika kijiti cha sentimita 4 katika ncha yake moja na kijiti cha sentimita 6 katika ncha nyingine, vijiti hivyo vitagusana, lakini vitagusana vikiwa vimelala juu ya mstari wenyewe. Ukijaribu kuviinua hata kidogo vitaachana. Umbo linalopatikana halina eneo wala kona inayoonekana, ni mstari tu uliogawanywa sehemu mbili, na kwa sababu hiyo neno la kanuni ni «kubwa kuliko», si «kubwa kuliko au sawa na».

Kwa nini kanuni hii ni ya kweli

Njia iliyo wazi kuliko zote ya kuielewa ni ya bikari. Chora upande mrefu kwanza, tuseme AB. Fungua bikari kwa urefu wa upande wa pili, weka sindano kwenye A na uchore tao. Kisha fungua bikari kwa urefu wa upande wa tatu, weka sindano kwenye B na uchore tao jingine. Kona ya tatu ya pembetatu lazima iwe juu ya matao yote mawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo pembetatu ipo ikiwa tu matao hayo yanakatana nje ya mstari AB. Kama nusu kipenyo hizo mbili zikijumlishwa hazifikii AB, kunabaki pengo kati ya matao. Kama zinalingana na AB barabara, matao yanagusana kwenye mstari wenyewe. Kama zinazidi, yanakatana juu ya mstari, na pia chini yake ukiyaendeleza, ndiyo maana mchoro huo huo unaweza kutoa pembetatu mbili zinazotazamana, zenye umbo moja.

Eukleides, mwanahisabati Mgiriki aliyefundisha Aleksandria ya Misri karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, aliiweka kanuni hii kuwa pendekezo la 20 la kitabu cha kwanza cha Elements, kazi yake ya jiometri, kisha katika pendekezo la 22 akaonyesha ujenzi wa pembetatu kutoka mistari mitatu iliyotolewa, kwa sharti hilohilo. Uthibitisho wake ni mfupi na unafaa kufuatwa kwa kalamu. Chukua pembetatu ABC, na urefushe mstari BA kupita A hadi nukta D, ili AD iwe sawa na AC. Unganisha D na C. Sasa pembetatu ADC ina pande mbili zinazolingana, kwa hiyo pembe iliyoko D ni sawa na pembe ACD. Lakini pembe nzima BCD inaimeza pembe ACD ndani yake na kuongeza nyingine, hivyo ni kubwa kuliko pembe iliyoko D. Na kwa kuwa katika pembetatu yoyote pembe kubwa zaidi hutazamana na upande mrefu zaidi, katika pembetatu BCD upande BD ni mrefu kuliko BC. BD ni nini? Ni BA ikiongezwa AC.

Proclus, aliyeandika ufafanuzi wa kitabu hicho katika karne ya 5, anasimulia kwamba wafuasi wa mwanafalsafa Epikuro waliidhihaki kanuni hii wakisema hata punda anaijua, kwa kuwa majani yakiwekwa kwenye kona moja ya pembetatu na punda akiwa kwenye kona nyingine, hatapitia pande mbili bali atakata moja kwa moja. Jibu la Proclus lilikuwa kwamba kuona jambo kuwa ni kweli si sawa na kulithibitisha. Kwa maoni yangu punda huyo anastahili nafasi darasani kuliko masharti matatu yaliyoandikwa ubaoni bila maelezo, kwa sababu anaonyesha mara moja chanzo cha kanuni: njia iliyonyooka kati ya nukta mbili ndiyo fupi kuliko njia yoyote inayopitia nukta ya tatu iliyo nje yake.

Hilo linaleta tahadhari moja. Kanuni inahusu mistari iliyonyooka. Jedwali la umbali wa barabara litakuonyesha takriban kilomita 190 kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kilomita 260 kutoka Morogoro hadi Dodoma, na kilomita 450 kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, yaani mbili za kwanza zikijumlishwa hutoa ya tatu. Usihitimishe kutoka hapo kwamba miji hiyo mitatu imepangika kwenye mstari mmoja ulionyooka. Barabara ya kwenda Dodoma inapitia Morogoro, na jedwali limejumlisha vipande vyake tu.

Vizio, sehemu na vipeuo

Namba nzima hazisumbui. Usumbufu huanza vipimo vinapokuja vimechanganyika. Mita 1.5, sentimita 80 na milimita 600 zikiachwa zilivyo, mtu huona 1.5, 80 na 600 na kufikiri kwamba kipimo cha mwisho ndicho kikubwa. Zikigeuzwa zote kuwa sentimita huwa 150, 80 na 60. Upande mrefu ni ule wa mita, na 60 + 80 ni 140 tu, kwa hiyo haifungiki. Jibu la «hapana» lingepatikana pia kwa namba ambazo hazijageuzwa, lakini lingekuwa limepatikana kwa bahati, na bahati ya namna hiyo hupotea katika swali linalofuata.

Sehemu ni rahisi ukiziondolea asili, yaani namba ya chini. Kwa 1/2, 1/3 na 1/6, zidisha zote kwa 6 upate 3, 2 na 1. Kuzidisha pande zote kwa namba ileile hukuza au hupunguza umbo bila kubadili kuwapo kwake, kwa hiyo swali linakuwa la 1, 2, 3. Na 1 + 2 ni 3 kamili. Pembetatu haipo.

Vipeuo vya pili ndivyo vinavyodai uangalifu. Tuseme pande ni √3, √7 na √19. Anayekadiria kila moja hadi nafasi moja ya desimali atapata 1.7, 2.6 na 4.4, atajumlisha 1.7 na 2.6 apate 4.3, na atakataa. Ukweli ni kwamba √3 ni karibu 1.732 na √7 karibu 2.646, jumla yake ni karibu 4.378, ilhali √19 ni karibu 4.359. Pembetatu ipo, na kukadiria mapema ndiko kulikoificha. Kinga yake ni kuachana na desimali kabisa na kulinganisha miraba. Mraba wa √3 + √7 ni 3 + 7 + 2√21, yaani 10 + 2√21, na tunataka kujua kama unaizidi 19. Hilo ni sawa na kuuliza kama 2√21 inaizidi 9, na tukipiga mraba tena, kama 84 inaizidi 81. Inaizidi, na suala limekwisha bila kikokotoo. Kwa njia hiyohiyo √2, √3 na √10 zinakataliwa: mraba wa jumla ya mbili za kwanza ni 5 + 2√6, na ili uizidi 10 ingebidi 24 iizidi 25.

Vipimo vilivyochukuliwa kwa mkono vina ugumu wao. Kama pande zimepimwa kuwa mita 3.2, mita 4.5 na mita 7.7, na kila kipimo kinaweza kukosea kwa sentimita 5 huku au kule, basi jumla ya pande fupi iko mahali fulani kati ya mita 7.6 na mita 7.8, na upande mrefu kati ya mita 7.65 na mita 7.75. Hapo hakuna jibu la «ndiyo» wala «hapana» linaloweza kutolewa kwa uaminifu. Kinachohitajika ni kupima upya kwa usahihi zaidi.

Upande wa tatu usiojulikana

Maswali mengi ya mtihani hayatoi pande tatu. Hutoa mbili na kuuliza ya tatu inaweza kuwa ngapi. Hapa kanuni hugeuka kuwa mipaka miwili: upande wa tatu lazima uwe mkubwa kuliko tofauti ya pande mbili zilizotolewa na mdogo kuliko jumla yake. Pande zikiwa 7 na 12, upande wa tatu lazima uwe kati ya 5 na 19, bila kuzigusa namba hizo mbili. Kama swali linataka namba nzima, basi ni 6 hadi 18, ambazo ni 13. Idadi hiyo hupatikana pia kwa kuuzidisha kwa mbili upande mfupi kati ya hizo mbili na kutoa moja, 2 × 7 − 1, na kinachovutia ni kwamba upande mrefu wa 12 hauna sauti yoyote katika hesabu hiyo. Ungekuwa 12 au 1,200, idadi ingebaki 13.

Pande zikiwa na herufi, na ikawa haijulikani upande upi ni mrefu, ndipo masharti yote matatu yanapostahili kuandikwa. Kwa pande 2x, x + 3 na 9, sharti la kwanza ni 2x + x + 3 > 9, linalotoa x > 2. La pili ni x + 3 + 9 > 2x, linalotoa x < 12. La tatu ni 2x + 9 > x + 3, linalotoa x > −6, ambalo halituongezei kitu kwa kuwa tayari x inazidi 2. Jibu ni x iliyo kati ya 2 na 12. Ni desturi nzuri kulijaribu jibu kwenye mipaka yenyewe: x ikiwa 2, pande ni 4, 5 na 9, na 4 + 5 ni 9; x ikiwa 12, pande ni 24, 15 na 9, na 15 + 9 ni 24. Mipaka yote miwili imeangukia kwenye mstari uliolala, kama inavyotakiwa.

Kuna namna nyingine ya kuisema kanuni ileile ambayo hufaa pale mzingo unapojulikana: upande mrefu kuliko yote lazima uwe chini ya nusu ya mzingo. Kwa mwalimu anayetaka wanafunzi waigundue kanuni kwa mikono yao, hili ndilo zoezi ninalolipendekeza kuliko mengine, na vifaa vyake ni njiti za kiberiti tu. Wape njiti 12 na uwaambie waunde pembetatu zote wanazoweza kwa kutumia njiti zote, bila kuvunja hata moja. Upande mrefu lazima uwe chini ya 6, na hauwezi kuwa chini ya 4 maana tatu zilizo pungufu ya 4 hazifikishi 12. Ukiwa 5, zinabaki 7, ambazo hugawanyika kuwa 5 na 2 au 4 na 3. Ukiwa 4, zinabaki 8, yaani 4 na 4. Basi pembetatu ni tatu: 5, 5, 2; 5, 4, 3; na 4, 4, 4. Sasa ondoa njiti moja. Karibu kila mtoto atabashiri kwamba pembetatu zitapungua, kumbe zinaongezeka kuwa nne: 5, 5, 1; 5, 4, 2; 5, 3, 3; na 4, 4, 3. Sababu ni kwamba nusu ya 11 ni 5.5, hivyo upande wa 5 bado unaruhusiwa ingawa njiti zimepungua. Njiti 4, kwa upande mwingine, haziundi pembetatu yoyote, kwa kuwa kila upande ungepaswa kuwa chini ya 2, nazo njiti moja-moja kwa pande tatu ni 3 tu.

Kenchi ya paa

Katika ujenzi, kanuni hii hujitokeza kwenye kenchi. Nyumba yenye upana wa mita 8 inahitaji mbao ya chini ya mita 8 na mbao mbili za mteremko zinazokutana juu. Tuache kando sehemu ya mbao inayotokeza nje ya ukuta. Mbao za mteremko zikiwa na mita 3.9 kila moja, jumla ni mita 7.8 na hazifiki kukutana. Zikiwa na mita 4 kila moja zinakutana, lakini zikiwa zimelala juu ya mbao ya chini, na hakuna paa.

Ongeza sentimita moja tu kila upande, ziwe mita 4.01. Kimo cha kenchi hupatikana kwa kanuni ya Pythagoras, ukichukua nusu ya upana ambayo ni mita 4: mraba wa 4.01 ni 16.0801, toa 16, ubaki na 0.0801, na kipeuo chake cha pili ni karibu 0.283. Sentimita moja imeinua kilele cha sentimita 28. Mbao za mita 4.1 hutoa kimo cha sentimita 90 kamili, na za mita 4.6 hutoa karibu mita 2.27. Tazama jinsi kimo kinavyokua kwa kasi karibu na mpaka: sentimita ya kwanza inatoa 28, ilhali sentimita 10 kwa pamoja zinatoa 90, wala si 280. Kwa fundi maana yake ni kwamba pembetatu iliyopita mtihani kwa nywele moja ni pembetatu isiyotabirika, kwa sababu kosa dogo la msumeno hubadili sana umbo lake. Jibu la «ndiyo, inafungika» linatosha darasani. Kwenye paa linatakiwa kuambatana na nafasi ya kutosha juu ya mpaka.

Kukagua vipimo vya kiwanja

Matumizi ninayoyaona kuwa ya thamani zaidi, na ambayo hayatajwi sana, ni kutumia kanuni kukamata vipimo vilivyokosewa. Kiwanja chenye pande nne hupimwa kwa futikamba pande zake zote nne pamoja na ulalo mmoja, yaani mstari unaounganisha kona mbili zinazokabiliana, ili kigawanyike kuwa pembetatu mbili. Tuseme pande zimeandikwa, kwa kufuata mzunguko, mita 22, 30, 28 na 25, na ulalo umeandikwa mita 54, ukiwa na pande za 22 na 30 upande mmoja na za 28 na 25 upande wa pili.

Kabla ya kutafuta eneo, pima. Pembetatu ya kwanza ina 22 + 30 = 52, pungufu ya 54. Ya pili ina 28 + 25 = 53, nayo pungufu ya 54. Zote mbili zimekataa, na kipimo pekee wanachochangia ni ulalo, kwa hiyo huo ndio wa kushukiwa kwanza. Kama ingekataa moja tu, shaka ingebidi igawanywe kati ya pande mbili za pembetatu hiyo na ulalo. Tuseme ulalo umepimwa tena ukaonekana ni mita 38. Sasa 52 na 53 zote zinaizidi 38, na hesabu ya eneo inaweza kuendelea.

Hesabu hiyo hufanywa kwa kanuni ya Heron wa Aleksandria, ambayo huanza na nusu ya mzingo, s, kisha hutafuta kipeuo cha pili cha s(s − a)(s − b)(s − c). Kwa 22, 30 na 38, s ni 45, na zao ni 45 × 23 × 15 × 7 = 108,675, ambalo kipeuo chake ni karibu 329.7. Kwa 28, 25 na 38, s ni 45.5, na eneo ni karibu 349.9. Kiwanja kina karibu mita za mraba 680. Kanuni ya Heron ina mlinzi wake wa ndani: mtu akisahau kupima kwanza na kuingiza 3, 4 na 8, s inakuwa 7.5, s − 8 inakuwa −0.5, na chini ya alama ya kipeuo kunapatikana namba hasi. Kikokotoo kinapoandika kosa katika hatua hiyo, mara nyingi si kikokotoo kilichoharibika. Ni pembetatu isiyokuwapo. Kwa 4, 6 na 10 hutoka sifuri, ambayo ndiyo eneo la mstari.

Lakini mtihani huu hukamata makosa makubwa tu. Ulalo wa kweli ukiwa mita 38 na mtu akaandika 34, pembetatu zote mbili zitafungika vizuri na eneo litatoka likiwa la uongo. Kupima ulalo wa pili na kuulinganisha na umbo lililopatikana ndiyo kinga ya kosa la namna hiyo.

Kuiandikia kompyuta

Anayetaka programu ifanye kazi hii aiamuru ipange namba tatu kwanza, a ikiwa ndogo na c kubwa, kisha iulize kama a + b > c. Haihitaji swali la ziada kuhusu sifuri au namba hasi: kama a + b inaizidi c, na b haiizidi c, basi a lazima iwe zaidi ya sifuri. Jaribu 0, 5, 5 au −2, 5, 5 na utaona zinakataliwa zenyewe.

Mitego iliyobaki ni ya kompyuta yenyewe. Wa kwanza ni desimali. Pande 0.1, 0.2 na 0.3 hazifungiki, lakini katika lugha za programu za Python na JavaScript 0.1 + 0.2 hutoa 0.30000000000000004, ambayo inaizidi 0.3 kwa chembe, na programu itajibu kwamba pembetatu ipo. Tiba ni kuhifadhi vipimo kama namba nzima za kizio kidogo, milimita kwa mfano, na kulinganisha hizo. Mtego wa pili huwapata wanaotumia namba nzima za biti 32, ambazo kikomo chake cha juu ni 2,147,483,647. Pande tatu za 2,000,000,000 kila moja ni pembetatu halali yenye pande zote sawa, lakini katika lugha ya Java jumla ya mbili hupita kikomo na kugeuka −294,967,296, kisha programu inaikataa. Pande zikiwa zimeshapangwa na zote ni zaidi ya sifuri, andika a > c − b badala ya a + b > c. Kutoa hakuwezi kupita kikomo, na swali linaloulizwa ni lilelile.